Wakamwana Wenye Ndevu

Chuo cha Walimu,
Milimani Umatengo,
Mbinga, Songea.
Mwezi wa sita, baridi kali.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Naiona sura yako hapo jikoni, umekaa kwenye kigoda, miguu umeinyoosha kuelekea motoni, na Yona mdogo wangu ndiye anayekusomea. Basi wewe Yona, soma polepole, wala usiruke mistari kama ulivyoruka ile barua ya Pasaka. Niliambiwa. Mama, magoti yako yanasemaje? Yameacha kukuamsha alfajiri, au bado? Usinifiche kwa kuwa niko mbali. Mimi ni mzima, ila masikio tu ndiyo yanateseka, maana baridi ya huku mwezi huu inamkuta mtu hata ndani ya blanketi. Sisi watu wa Bonde, tuliokulia kwenye joto na minazi, hatukuumbiwa milima hii.

Katika barua yako uliniuliza mkamwana wako nitakuletea lini, maana umechoka kulima peke yako. Swali hilo nimelisoma, sijalikimbia. Lakini kwanza nikupe habari ya huku, kwa sababu jibu limo humo humo.

Najua mjomba Eliya bado anasema kazi yangu si kazi, eti mtu mzima aliyetoka jeshini na usajini wake anafundisha vijana kurukaruka. Mwambie si kurukaruka. Padri mkuu wa chuo aliniita hapa niwajenge miili wanafunzi wake wanaokimbia na kushindana, maana kila mwaka walikwenda kwenye michezo Songea wakarudi vichwa chini. Walikuwa wepesi wa roho, lakini miili haikuandaliwa. Nilipowapanga mstari siku ya kwanza nikaona jambo la ajabu, mama. Vijana wa ziwani, wale wa Mbaha na vijiji vya ufukweni, mabega yao mapana kwa kupiga kafi tangu utotoni, lakini kilima kidogo tu wanahema. Wa milimani nao mapaja yao ni magumu kama mchi, kilima wanapanda huku wanasimulia hadithi, lakini ukiwapa kamba wavute, mikono inatetemeka.

Nikawachanganya. Wa ziwani nikawapandisha mlima na mifuko ya mchanga begani, na wa milimani nikawateremsha mpaka Ziwa Nyasa, wakimbie kwenye mchanga wa ufukweni, kisha wapige kafi. Hapo nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, maana kijana anayepanda jabali bila woga alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili akaanza kusali. Nikawapangia siku ya kubeba magogo, siku ya mbio fupi za kasi, na siku ya kupumzika, maana mwili unajengeka ukiwa umelala. Pombe nikaipiga marufuku mpaka Songea ipite. Walinuna. Mimi nikanuna zaidi yao, yakaisha.

Sasa huku wana kilimo chao kinaitwa ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi mteremkoni, wanaziacha zikauke, wanazilaza miraba miraba, kama kamba za kitanda zinavyopishana. Halafu wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya zile nyasi. Katikati linabaki shimo la kushika maji ya mvua, na maharagwe yanapandwa juu ya tuta linalolizunguka. Ukitazama kwa mbali, mlima mzima ni kama sega la nyuki. Nilipoona wanawake wanavyopinda na kuinuka na yale majembe, nikasema hili ndilo zoezi la mgongo nililokuwa nalitafuta. Kesho yake nikawapa vijana majembe, nikawaambia wachimbe kwenye shamba la chuo.

Mama, hakuna aliyeinama. Wa milimani wote walisimama kama nguzo. Mmoja wao, Kosmasi, mkimbiaji wangu bora wa maili moja, ndiye aliyesema kwa niaba yao, kwa adabu lakini bila kupepesa macho, kwamba kufyeka watafyeka na nyasi watalaza, lakini kuchimba ngolo ni kazi ya mama zao, na mwanamume hachimbi. Padri alipopata habari alicheka, akaniambia sheria hiyo ameikuta na hana ubavu wa kuigusa. Nikakusanya majembe yangu. Jasiri haachi asili, na mimi nilikuwa mgeni.

Haukupita muda, Kosmasi akaanza kuharibika. Alfajiri tunapokimbia hayupo, anatokea baadaye amelowa umande, miguu tope tupu, na darasani anasinzia. Nikimuuliza, anatazama chini. Mawazo yangu yalikwenda kwenye pombe, kisha kwenye msichana. Padri akachoka, akasema Kosmasi akikosekana tena, Songea haendi. Roho iliniuma, kwa kuwa kijana yule akikimbia hata ndege wanampisha. Siku iliyofuata nikaamka kabla ya kengele, nikamfuata kwa mbali ndani ya ukungu, akashika njia ya kijiji cha Namswea, mpaka nikamkuta mteremkoni, nyuma ya nyumba moja ya nyasi.

Alikuwa anachimba ngolo.

Aliposikia hatua zangu alilitupa jembe, akaokota nyengo, lile panga lao lililopinda, akaanza kufyeka mahali pasipo na jani hata moja. Nikamuuliza anafyeka nini. Akaendelea kufyeka hewa. Kisha akaketi juu ya tuta akalia, mama, kijana mkubwa vile, analia kwa sauti ndogo ili nyumbani wasimsikie.

Alinieleza yote. Ile ilikuwa nyumba ya mama yake, mjane. Mama huyo alikuwa ameteleza na mzigo wa kuni kwenye mteremko, akavunjika mkono wa kulia, wakati ule ule mvua za kupandia maharagwe zilipokuwa zinaanza. Binti hana, ana Kosmasi na wadogo wawili wa kiume. Majirani wa huku wanasaidiana vizuri sana, kuna kazi ya pamoja wanayoiita ngokela, mnajaa shambani kwa mtu mmoja na mnalimaliza siku moja. Lakini ngokela inataka pombe, na pombe inataka mwanamke mwenye mikono miwili wa kuipika. Mambo yalipofika hapo, baba mkubwa wa Kosmasi akayapeleka kwenye sengu, ndipo wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kukata mashauri. Sengu ikaamua Kosmasi aache chuo baada ya Pasaka, aoe, mke aje achimbe. Msichana wamekwishampata kijiji cha Ruanda, huku huku Mbinga.

Chuo hakipokei mwanafunzi mwenye mke. Kosmasi ana hamu ya ualimu tangu alipokuwa anaandika kwa kijiti kwenye majivu. Huyo binti hamchukii, hata sura yake haijui. Alinyoosha viganja vyake vilivyojaa malengelenge akaniambia:

"Sajini, wanasema nyumba inahitaji mikono. Mikono mbona ninayo? Lakini mama akionekana analimiwa na mwanawe wa kiume, watamcheka kisimani mpaka afe. Usimwambie mtu."

Nikamwahidi. Tukarudi chuoni, na shamba nyuma yetu lilikuwa limechimbwa kipande kisichotosha kutandika mkeka.

Nilikaa na jambo lile kifuani siku nzima. Jioni likanijia wazo, nikacheka peke yangu. Watu wa ngokela wanataka pombe. Na katika nchi hii nzima, mama, kundi la vijana wenye nguvu wasioruhusiwa pombe lilikuwa moja tu, langu. Nikaomba ruhusa kwa Padri, nikamwomba pia ampe Kosmasi nafasi moja ya mwisho, nikaenda kwa mama Kosmasi mchana kweupe, nikapiga hodi, nikamwamkia. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mkono umefungwa kwa kanga. Sikumtaja mwanawe. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa viungo, nahitaji mteremko mkali kwa zoezi la mgongo, na shamba la chuo limekwisha. Akanitazama kwa muda mrefu sana. Akasema:

"Kwa hiyo unataka kuja kuchezea shamba langu? Chezeni. Ila mchezo mkiuanza, muumalize."

Alikuwa ameelewa kila kitu, nadhani kabla hata sijaketi.

Kesho yake nikawafikisha vijana pale na majembe. Wa milimani wakaganda tena, na Kosmasi akanitazama kama mtu aliyeuzwa. Nikawaambia sikuwaita kulima, hili ni zoezi, na uwanja wa mazoezi ninaupanga mimi. Hakuna aliyesogea. Ndipo Yusto wa Mbaha, jitu lile la ziwani lenye mabega kama mlango, akachukua jembe, akasema kwao ngolo hawaijui kama ni ya kike au ya kiume, yeye anaona udongo tu. Akaanza kuchimba. Alichimba vibaya, lakini alichimba kwa nguvu, tena anaimba. Wa milimani wakavumilia kidogo, wakatazamana. Mtu wa ziwani awashinde juu ya mlima wao wenyewe? Mmoja akashika jembe, mwingine akafuata, na muda si muda walikuwa wanashindana. Kosmasi akawa wa mwisho kuinama, na alipoinama hakuinuka.

Mimi nami nikachukua jembe, nisionekane natoa amri tu.

Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama njiani. Walicheka wakashikana mabega, na mmoja akapiga kigelegele cha dhihaka. Nikaona shingo ya Kosmasi inakakamaa. Niliogopa angetupa jembe akakimbia, na akikimbia yule nani atamkamata? Mlango ukafunguliwa, akatoka mama yake na kikapu cha mbegu mkononi, ule mzima, akasimama katikati ya shamba akawaambia wenzake:

"Mnawacheka wakamwana wangu? Wenu walikuja na hereni. Mimi Mungu amenipa wenye ndevu."

Hapo walicheka tena, mama, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka. Bibi mmoja akatua mtungi wake, akashuka shambani akamwonyesha Yusto jinsi ya kutupa udongo. Wengine wakafuata. Mama Kosmasi akapita nyuma yetu kwenye matuta anadondosha maharagwe kwa mkono wake wa kushoto. Kila alfajiri tuliyopanga zoezi la mgongo tulikwenda pale, mpaka mteremko wote ukaisha.

Unafikiri mambo yalitulia? Wapi. Baba mkubwa alikuja chuoni na fimbo yake, amevaa koti la kanisani, akamwambia Padri kwamba alileta mtoto asomeshwe ualimu, si ukamwana. Padri akaniita mimi, maana mashauri magumu ni ya sajini. Nikamwamkia mzee, nikamwambia nimesikia kuwa nyumba ile inakosa mikono, sasa mikono imepatikana na shamba limepandwa, je, mke anahitajika kwa haraka ya nini? Mzee akafikiri. Si mtu mbaya yule, mama, alikuwa anabeba nyumba ya ndugu yake marehemu juu ya kichwa chake na hakuona njia nyingine. Akasema ngolo iliyochimbwa na mwanamke mvua haiibomoi, maana amefundishwa na mama yake. Zetu hajui kama zitashika. "Tungoje mvua kubwa," akasema. "Zikishika, atasoma. Zikibomoka, namchukua, na wewe usinifuate." Tukapeana mikono.

Basi tukaenda Songea na mzigo huo. Siku ya michezo, wakati wa maili moja, Kosmasi alitangulia tangu mwanzo, wenzake wanauona mgongo wake tu. Mzunguko wa mwisho akageuza uso upande wa kwetu, na mimi nikatazama alikotazama. Mawingu juu ya Umatengo yalikuwa meusi kama chungu. Akapunguza mwendo. Akapitwa na kijana mmoja mrefu, akamaliza wa pili. Sikumkemea. Alasiri tukavuta kamba dhidi ya chuo kimoja chenye majitu, na hapo ndipo migongo ya vijana wangu ilipojibu. Waliinama pamoja, wakachimbia visigino, wakawaburuta wale majitu kama mbuzi wa sokoni. Watu wakauliza wale wamelishwa nini. Yusto akasema, udongo. Tulipopokea kombe letu mvua ilikuwa imetufikia, na haikuwa mvua ya mchezo, ilikuwa inapiga mabati mpaka tukawa tunasemeshana kwa ishara. Kosmasi hakula.

Wakati wa kurudi, lori lilikwama kwenye tope karibu na Mbinga, tukaambiwa tushuke tutembee. Kosmasi hakutembea. Alikwenda mbio, na wenzake wote nyuma yake, na mimi nyuma yao wote na kombe kwapani, pumzi ikinitoka kwa masikio. Mama, nimeona watu wengi wakikimbia, jeshini na uraiani, sijaona mbio kama zile. Hakuna aliyempa kombe kwa hizo.

Tulimkuta baba mkubwa ameshafika. Alikuwa anapita tuta kwa tuta, anagonga kwa fimbo, anasonga mbele. Mashimo yalikuwa yamejaa maji mpaka ukingoni, yametulia, na juu ya matuta maharagwe yalikuwa yameshatoa vichwa, mistari kwa mistari, mlima wote. Mzee akafika kwenye shimo moja lililo pembeni akasimama. Tuta lake lilikuwa limepasuka, maji yameondoka na udongo na mbegu. Akauliza hili ni la nani. Wakanitazama mimi.

Naam, lilikuwa langu.

Nikadhani nimemponza kijana wa watu kwa jembe langu mwenyewe. Mzee alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema: "Mwalimu, hata ungekuwa mwanamke, wewe nisingekutolea mahari." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Halafu akamgeukia Kosmasi, kicheko kikaisha, akamwambia, "Kasome, mwanangu. Kule Ruanda nitakwenda mwenyewe kusema." Kosmasi akapiga magoti kwenye tope. Mama yake alikuwa mlangoni, amejifunika uso kwa pembe ya kanga.

Maharagwe hayo yamevunwa mwezi huu. Juzi mama Kosmasi aliniita. Mkono umeunga, umepinda kidogo tu. Alinipa ugali na usipa, vidagaa vya ziwani vinavyoletwa huku vimekauka, nikala nikashiba, na nilipoaga akanifungia maharagwe kwenye kitambaa. Akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia yu hai, Mungu amemweka. Akauliza, "Na yeye analimiwa na nani?"

Mama, swali hilo nimerudi nalo. Yona ni karani, anakuja Jumapili na shati jeupe. Wewe unakwenda shambani na magoti hayo, na mimi niko huku najenga migongo ya watoto wa watu. Nilishika kile kitambaa nikasimama tu pale mlangoni kwake, naye akakaza fundo lake, hakunihukumu.

Basi jibu la swali lako ni hili. Mke sijampata, na sitaki nimlete mtoto wa watu kwa sababu ya jembe. Padri amenipa likizo, nitafika kabla ya mvua za vuli. Maharagwe yamo humu kwenye kifurushi, usiyapike, hata yakikutamanisha, ni mbegu. Wewe Yona, jembe langu liko darini, litie mpini mpya, na lako pia litie. Usijifanye hukusoma hapa.

Nisalimie mjomba Eliya kwenye cherehani yake, umwambie kurukaruka kumelima shamba. Shangazi Rakeli wa vitumbua mwambie ninaota harufu ya jiko lake. Babu mlinzi wa kanisa mpe shikamoo yangu kwa sauti kubwa, maana masikio yake nayajua. Na wewe mama, pumzisha magoti, lile shamba la bondeni liache lilivyo. Nitalichimba mwenyewe. Ukiona tuta moja limepasuka, usiwaambie majirani.

Ni mimi mwanao Stefano, na kwa msimu huu, mkamwana wako mwenye ndevu.